Kazi ya Bendi: Kuanzia Simu ya Kwanza Hadi Mgao wa Usiku wa Manane

Kijana mmoja mpiga besi aliniuliza majuzi, baada ya mazoezi, ajifunze nini zaidi ili apate nafasi ya kudumu kwenye bendi. Nadhani alitegemea nimtajie mitindo ya kupiga. Vidole vyake tayari ni vizuri kuliko vyangu nilipokuwa na umri wake. Nilimwambia kwamba bendi nilizoziona zikivunjika hapa Dar es Salaam zilivunjwa na fedha, usafiri, vyombo na watu kuchelewa. Sijaona bado bendi iliyovunjika kwa sababu mtu alikosea noti.

Nimepiga gitaa la ridhimu miaka kumi na tisa, kwenye hoteli, baa, harusi na mabonanza ya Jumapili mchana. Ninayoyaandika hapa nimeyapanga kwa kufuata kazi moja ya harusi, kwa bendi ya watu wanane au tisa inayopiga kopi, yaani nyimbo za bendi nyingine, pamoja na nyimbo zake chache. Bendi kubwa yenye mwajiri na wanenguaji ina taratibu zake, lakini mwanamuziki wake akisoma atajiona humu.

Hatua ya 1: Simu ikilia, usianze na bei

Mteja atauliza, "Bendi yenu shilingi ngapi?" Ukimjibu hapo hapo umeshajifunga. Muulize wewe kwanza: tarehe, ukumbi, ndani au nje, wageni wangapi, umeme unatoka wapi, mitambo ya sauti ni ya nani, kuna didjei pia au bendi peke yake, na nani ataongea na bendi siku yenyewe.

Hilo la mwisho wengi hulisahau. Harusi zetu huendeshwa na kamati. Anayekupigia simu anaweza kuwa shemeji wa bwana harusi, mwenye fedha ni mweka hazina, na mwenye ratiba ni mshereheshaji. Siku ya siku wote watatu wamevaa suti, simu ziko mfukoni na muziki ni mkubwa. Chukua namba za wote watatu mapema, na mpigie mshereheshaji siku mbili kabla ili akusomee ratiba yake.

Kuhusu saa, fafanua bila haya. "Saa mbili usiku" kwenye kadi ya harusi ni saa ambayo wageni wa kwanza wanaanza kutafuta meza. Maharusi wanaweza kuingia saa tatu na nusu. Nimewahi kufika ukumbini saa kumi jioni na kupiga wimbo wa kwanza saa nne na nusu usiku, kisha kamati ikataka tuendelee mpaka saa tisa kwa sababu "mmepiga muda mfupi". Tangu siku hiyo tunatoza kwa saa tulizokuwepo tukiwa tayari, hata kama hatujapiga.

Malipo tunayataka kwa mafungu mawili. Nusu inafunga tarehe, na nusu ya pili inalipwa kabla hatujapanda jukwaani. Si baada ya sherehe. Sherehe ikiisha kamati imetawanyika, bajeti imeshapitiliza kwenye vinywaji, na wewe umebaki na jasho lako. Kuna kamati ilitulipa salio kwa awamu tatu ndani ya miezi saba, na hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka na wanadaiwa kila upande. Yaliyokubaliwa yaandike. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kwa kazi nyingi, mradi mteja ajibu kwamba amekubali. Wetu huwa hivi:

"Habari za leo, Mwenyekiti. Tunathibitisha harusi ya Jumamosi tarehe 14, ukumbi wa Mbezi. Bendi itakuwa tayari saa 1:30 usiku na itamaliza saa 6:30 usiku. Wanamuziki tisa na fundi mitambo mmoja, mitambo tunakuja nayo. Jumla ni shilingi 2,000,000. Tumepokea 1,000,000, salio litalipwa kabla bendi haijapanda jukwaani. Kila saa ya ziada ni 300,000, kwa idhini yako au ya Mweka Hazina. Kamati itatupatia umeme, chakula cha watu kumi, na sehemu ya kuegesha magari mawili karibu na mlango wa jukwaa. Kazi ikifutwa ndani ya siku 14 kabla ya tarehe, malipo ya awali hayarudishwi."

Hoteli na kampuni watakwenda mbali zaidi. Wataomba usajili wa bendi BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), ankara, namba ya mlipa kodi, na malipo yao yatakatwa kodi ya zuio. Ulizia makato hayo kabla ya kutaja bei, maana wanamuziki wako wanasubiri kile kitakachofika mkononi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mgao kabla ya kukubali

Milioni mbili inasikika kama fedha nyingi mpaka uikate. Chukua mfano huo huo. Aliyeleta kazi anapata asilimia 10, yaani 200,000. Mitambo ya kukodi pamoja na fundi wake ni 500,000. Usafiri, Hiace ya watu na kirikuu ya vyombo, kwenda na kurudi usiku, 180,000. Maji, vocha na dharura 70,000. Fungu la bendi 150,000. Jumla ya matumizi ni 1,100,000, zinabaki 900,000, na kila mmoja wa wanamuziki tisa anapata 100,000. Kwa jioni nzima na nusu ya usiku. Mteja akikuomba umpunguzie laki nne, ujue hazitoki kwenye mitambo wala mafuta. Ukiacha elfu arobaini za aliyeleta kazi, zote zinatoka kwenye mifuko ya watu tisa, na kila mmoja anaondoka na elfu sitini.

Hesabu hii isomwe mbele ya bendi nzima kabla ya kazi kukubaliwa. Najua viongozi wanaoificha. Wengine hawaibi hata senti, ila wanaona aibu kujadili fedha na watu wanaowaheshimu kama kaka zao. Lakini ukificha hesabu, mpiga tumba ataijua bei kutoka kwa binamu yake aliyekuwa kwenye kamati, na kuanzia hapo kila kazi atakuwa anakupigia hesabu kichwani huku anapiga tumba.

Fungu la bendi msiliguse kwa nguo wala kwa soda. Mwaka wa bendi una misimu. Kwaresima harusi za Wakatoliki hupungua, Ramadhani kumbi nyingi hukaa kimya, Idd na Desemba mnagombaniwa, halafu inakuja Januari na ada za shule. Fungu hilo ndilo linalonunua spika iliyoungua na kumkopesha mwimbaji kodi ya nyumba mwezi usio na kazi.

Mkiwa na mtu wa deiwaka, yaani mwanamuziki wa kuazima kwa siku hiyo, mwambie kiasi chake kwa shilingi kamili, si "tutaona". Naye ana wajibu wake: asigawe namba yake kwa wateja wa bendi iliyomwita. Mtu akimfuata kumuulizia kazi, amwelekeze kwa kiongozi. Wanaolishika hilo huitwa tena na tena, nami nimeishi miaka mitatu kwa deiwaka peke yake kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Jueni kila chombo ni cha nani

Wazee wetu wa dansi walikuja kazini na vidole vyao. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, kwa Kiingereza Dar es Salaam Development Corporation, ndiyo maana watu wakaiita DDC. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki akihama bendi aliacha gitaa nyuma, na mwajiri akichoka na muziki, bendi nzima ilibaki mikono mitupu hata kama ndiyo inayopendwa mji mzima.

Leo mambo yamechanganyika. Gitaa ni langu, kinanda ni cha kanisa la mpiga kinanda, dramu ni za kiongozi, maikrofoni mbili ni za mwimbaji na nyingine ni za fundi. Siku bendi ikigombana hakuna anayekumbuka. Andikeni orodha moja: chombo, mwenyewe, thamani yake, na nani analipa kikiharibika kazini. Sisi tulikubaliana kwamba chombo kikiharibika kazini bila uzembe, fungu la bendi linalipa nusu. Ninyi mnaweza kukubaliana vingine, ila mkubaliane kabla.

Begi langu mimi lina seti mbili za nyuzi, waya wa gitaa wa akiba, kifaa cha kutyuni, betri, tepu nyeusi, testa, bisibisi, tochi ndogo, kitambaa cha pamba, fulana kavu na vizibo vya masikio. Kitambaa msikidharau. Hewa ya pwani ina chumvi na jasho lina chumvi. Nyuzi zisizofutwa baada ya kila awamu zinaota kutu ndani ya wiki mbili. Waya wa akiba ndio niliowaazima wenzangu kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 4: Mazoezini, fanyieni kazi miisho

Bendi nyingi hutumia mazoezi kujifunza nyimbo mpya, halafu jukwaani zinaaibika pale wimbo unapokwisha. Mmoja anasimama, mwingine anaendelea, dramu zinatafuta pa kutokea. Tenga nusu saa ya kila mazoezi kwa vitu vitatu tu: wimbo unavyoanza, unavyoingia kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, au chemko kama wazee wanavyosema, na unavyokatwa.

Ishara za mkono ziwe chache na wote wazijue. Kwetu ngumi juu ni kukata mzunguko unaofuata. Kidole kikizungushwa ni kurudia. Kiganja kikishushwa ni kupunguza sauti ili mwimbaji aongee na wageni. Ndani ya sebene mpiga solo ndiye anayeamua mabadiliko, na anayatangaza kwa kipande anachokirudia mara mbili. Ridhimu na besi lazima wawe wanamsikiliza, si wanaangalia wachezaji. Nimeona vijana wenye kasi ya ajabu wakikosa kazi kwa hili. Sebene ni maongezi ya magitaa, na anayeongea peke yake anaharibu.

Kila wimbo uwe na ki yake, yaani kimo cha sauti unachoimbiwa, kwenye daftari, ki ya mwimbaji wenu, si ya kwenye rekodi. Mwimbaji wa deiwaka akija, muulize ki zake siku iliyotangulia. Ukimlazimisha kuimba juu ya uwezo wake, saa sita usiku hana sauti na bado mna saa nzima mbele yenu.

Chagueni nyimbo kwa kuangalia ratiba ya sherehe. Wageni wanapoingia na wanapokula wanahitaji rumba ya taratibu na zilipendwa, kwa sauti ambayo watu wanaokaa pande mbili za meza wanasikilizana bila kuinamiana. Keki, ndafu kama ni harusi ya Kichaga, na zawadi huenda kwa didjei au kwa vipande vifupi vya bendi. Mkubaliane na mshereheshaji nani anashika wapi. Baada ya maharusi kufungua muziki ndipo mnatoa nyimbo zenu nzito. Sisi hatupigi wimbo wetu wenyewe mpaka watu wawe wameshasimama kucheza nyimbo wanazozijua.

Hatua ya 5: Kupakia na kufika

Vyombo vinatangulia muda wa saa tatu kabla wageni hawajafika, wanamuziki muda wa saa mbili kabla. Aliyepakia ndiye anayepakua, na anahesabu vipande kwa namba: kwetu ni ishirini na sita kwenda na ishirini na sita kurudi. Spika nzito chini, dramu juu yake, magitaa yanakaa na wenyewe ndani ya Hiace. Foleni ya Ijumaa jioni kutoka Ubungo kwenda Mbezi au Kibaha huijui mpaka ikukute na suti mkononi, kwa hiyo tunaondoka saa nane mchana hata kama watu watanung'unika.

Mavazi: yanayofanana, yaliyopigwa pasi, viatu vilivyofungwa. Yanatosha.

Hatua ya 6: Umeme, kabla ya kitu kingine chochote

Hapa naomba usome taratibu.

Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Uskoti, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows, alipigwa na umeme jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni ambayo ethi yake, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haikuwa sawa. Alikufa. Kinachoua ni hivi: mikono yako iko kwenye nyuzi za gitaa, ambazo kupitia waya zimeunganishwa na ampu yako, yaani mtambo wa kukuza sauti, midomo yako inagusa wavu wa maikrofoni, ambao umeunganishwa na miksa, mtambo wa kuchanganyia sauti. Kama ampu na miksa zimechomekwa sehemu mbili tofauti na mojawapo haina ethi, wewe ndiye unakuwa waya katikati yao.

Kumbi zetu na maturubai ya nje yamejaa soketi zisizo na ethi. Utaona plagi ya miguu miwili imeingizwa kwa kusukuma tundu la juu kwa kijiti cha kiberiti, na ekstensheni iliyounganishwa kwa kusokota nyaya na kuzifunga kwa mfuko wa plastiki. Msikubali. Vyombo vyote vya jukwaani, kuanzia miksa na ampu mpaka kinanda, vichukue umeme kutoka chanzo kimoja chenye ethi. Halafu pima. Ukiwa na mita ya kupimia volti, weka ncha moja kwenye nyuzi za gitaa na nyingine kwenye wavu wa maikrofoni: isome sifuri au karibu na hapo. Kama huna mita, gusisha testa kwenye wavu wa kila maikrofoni. Taa ya testa ikiwaka, zima kila kitu na mwite fundi umeme, hata kama mshereheshaji ameshashika kipaza sauti kukaribisha wageni.

Nililijua hili kwa mwili wangu. Ilikuwa chini ya turubai, mvua imenyesha mchana, nyasi bado mbichi. Niliinama kuitikia kiitikio na mdomo wa chini ukapigwa kama umechapwa na fimbo. Nilianguka na gitaa. Nilikuwa nimevaa viatu vya soli nene ya mpira, na fundi aliyekuja baadaye alisema hivyo viatu ndivyo vilivyonisaidia. Siku hizi mimi ndiye mwenye testa, na sipandi jukwaani mpaka nimegusa kila maikrofoni.

Jenereta nalo lina maswali yake. Harusi moja Bagamoyo kinanda kilikuwa kinajizima na kujiwasha katikati ya nyimbo, na kila kikiwaka kinarudi kwenye sauti ya piano. Tulilaumu kinanda, tukalaumu adapta. Fundi alipopima, umeme ulikuwa unashuka mpaka volti 170 wakati unatakiwa kuwa 230. Sababu ilikuwa jikoni: wapishi walikuwa wamechomeka majiko ya kupashia chakula na friji mbili kwenye jenereta hilo hilo. Tulitenganisha laini, na ilichukua dakika arobaini wageni wakiwa wamekaa. Sasa tunauliza siku ya simu ya kwanza: jenereta ni la ukubwa gani, na nani mwingine analitumia? Kinanda na miksa tunavipitisha kwenye stabilaiza.

Kuwasha kuna mpangilio: miksa kwanza, ampu za spika mwisho. Kuzima, ampu kwanza. Ukigeuza, ule mshtuko wa sauti unaokuja ndio unaochana spika.

Hatua ya 7: Kupima sauti

Anzeni na waimbaji. Panda na sauti zao mpaka ziwe wazi kwa mtu aliyekaa meza ya mwisho, kisha vyombo vingine vije vikae chini yake. Bendi nyingi huanza na dramu na besi, na mwisho waimbaji wanakosa nafasi, wanapiga kelele, na kila mtu anaongeza chake.

Fidibeki, ule mluzi, hutokea maikrofoni inaposikia spika yake yenyewe. Kabla hujagusa kitufe, hamisha kitu: spika kuu ziwe mbele ya waimbaji, monita, ile spika ya mwimbaji kujisikia, ielekee nyuma ya maikrofoni, na mwimbaji asifunike wavu kwa kiganja. Ukumbi mtupu unavuma; ukijaa watu na nguo zao, mvumo unapungua na sauti kali zinamezwa. Kwa hiyo msikate sana wakati wa kupima, na fundi apimishe tena wimbo wa pili wageni wakiwa ndani.

Gitaa likitoka kwenye ukumbi wa kiyoyozi kwenda bustanini, au likirudi ndani, lipe dakika kumi kisha tyuni upya.

Sasa masikio. Kipimo kinachotumiwa sana kulinda wafanyakazi ni sauti ya desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu, muda salama unapungua nusu. Desibeli 100 zinakuachia dakika kumi na tano. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kumbi za burudani zisivuke wastani wa desibeli 100 katika dakika kumi na tano. Aliyekaa jirani na matoazi ya dramu kwenye ukumbi mdogo anavuka hapo kwa urahisi. Sikio langu la kushoto lilikaa upande wa matoazi miaka kumi. Usiku nikilala linalia kama nzi, na daktari aliniambia halitarudi lilivyokuwa. Nunueni vizibo vya masikio. Vya povu vya dukani ni afadhali kuliko masikio matupu, na vile vya wanamuziki vinapunguza sauti bila kuiharibu.

Hatua ya 8: Jukwaani

Pigeni awamu za dakika arobaini na tano, mapumziko dakika kumi na tano. Katika mapumziko hayo kunywa maji, kula kidogo. Chakula chote kile cha harusi kiache mpaka mwisho, kwa sababu pilau na kuimba havipatani. Pombe: bendi yetu haigusi kabla ya wimbo wa mwisho. Wageni watakuletea, tena kwa upendo. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, weka nyuma ya ampu.

Kutunzwa ni sehemu ya muziki wetu, na ni furaha kuona bibi mzima akinyanyuka kuja kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Lakini jueni mapema fedha hizo ni za nani. Zipo bendi ambazo kila mtu anabaki na zake, na zipo ambazo zote zinaingia kapuni. Mimi nataka kapu. Mwimbaji anatunzwa kwa sababu yuko mbele. Mpiga besi aliyemshikilia kwa dakika nane haonekani. Tulikubaliana nusu iende kwa aliyetunzwa, nusu kapuni, na miaka sita sasa hatujagombana. Wanaotaka kutajwa majina, ile Wakongo wanaita mabanga, waandikwe kwenye karatasi na wasomwe kwa zamu, la sivyo wimbo unageuka orodha ya mahudhurio.

Uzi ukikatika, usisimame katikati ya jukwaa ukiukodolea macho. Geuka upande, punguza sauti ya gitaa, endelea na nyuzi tano mpaka wimbo uishe. Mtu akikosea, hakuna kumtazama. Mgeni haoni kosa mpaka bendi imwonyeshe.

Mteja akiomba saa ya ziada, kiongozi ashuke akaongee na mtu aliyetajwa kwenye ujumbe, wakubaliane, fedha itumwe kwa simu pale pale, kisha mpige kwa moyo. Muda wa kibali cha ukumbi ukiisha, mnamaliza hata kama shemeji analia. Malalamiko ya kelele yakifika kwa mamlaka ya mazingira au polisi, mwenye ukumbi ndiye wa kwanza kuitwa, na mwenye ukumbi huyo ndiye mtakayemwomba kazi mwezi ujao.

Hatua ya 9: Kufungasha, mgao, majumbani

Kunja nyaya kwa kufuata mzunguko wake wa asili, duara kwa duara, uzifunge kwa kamba. Ukizungusha kati ya kiganja na kiwiko unazisokota ndani, na mwezi ujao zitakuwa zinakatakata sauti bila kuonyesha zimekatikia wapi. Hesabu vipande ishirini na sita kabla mlango wa gari haujafungwa.

Mgao ufanyike usiku ule ule, ndani ya Hiace, taa ya ndani ikiwa imewashwa. Kiongozi anasoma: tumepokea kiasi hiki, tumetumia hiki, kapu lilikuwa na hiki, kila mmoja hiki. Kila mtu anatia saini kwenye daftari au anaonyesha ujumbe wa simu ulioingia. Deiwaka analipwa wa kwanza.

Kisha gari linapeleka watu mpaka mlangoni, si mpaka kituo cha daladala. Waimbaji wetu wawili ni wanawake. Saa nane usiku hakuna kumwambia mtu achukue bodaboda kutoka Mwenge na begi la nguo na posho yake ndani. Dereva anasubiri mpaka taa ya ndani ya nyumba iwake. Hili limo kwenye ile 180,000 ya usafiri, na ndiyo sababu sipunguzi hapo hata shilingi.

Hatua ya 10: Kesho yake

Lala. Mchana mtumie mwenyekiti wa kamati ujumbe wa shukrani na kuwatakia maharusi heri. Kazi zetu nyingi zimetoka kwa wageni waliomuuliza mwenyekiti namba ya bendi. Toa nyuzi zilizokufa, kausha mikanda ya gitaa juani, peleka waya uliokuwa unakatakata kwa fundi siku hiyo hiyo. Halafu fungua daftari uandike ukumbi una soketi ngapi zenye ethi, mlango wa vyombo uko wapi, nani ana ufunguo wa chumba cha umeme, na wimbo gani uliwainua wazee wakaacha viti vyao.

Yule kijana wa besi nimempa kazi ya kushika daftari hilo kuanzia Jumamosi ijayo.